Anisotropia ya umeme katika tabaka zilizozungushwa

Fundi seremala anajua kwamba ubao hupasuka kwa urahisi ukifuata nyuzi zake na hukaidi ukikingamishwa. Baadhi ya vitu huupokea umeme vivyo hivyo: ukinzani wake hutegemea upande ambao mkondo unaelekea, na tabia hiyo ndiyo iitwayo anisotropia. Waya wa shaba hauna tabia hiyo. Fosforasi nyeusi inayo, kwa kuwa atomu zake zimejipanga kwa mikunjo kama bati la kuezekea, na, kinyume na mtu anavyoweza kudhani, elektroni zake husafiri kwa wepesi zaidi zikikatiza mikunjo hiyo kuliko zikiifuata.

Anisotropia ya namna hiyo imo ndani ya kitu chenyewe, lakini ipo nyingine inayotengenezwa kwa kuzungusha. Kunja chandarua mara mbili, kitazame dhidi ya mwanga, kisha sogeza upande mmoja kidogo: utaona mawimbi makubwa kuliko matundu yenyewe. Mawimbi hayo huitwa ruwaza ya muare. Tabaka mbili za grafini, yaani karatasi za atomu za kaboni, kila moja ikiwa na unene wa atomu moja, zikipishana kwa digrii 1.1, huzaa ruwaza inayojirudia kila nanomita 13 hivi, takriban mara 50 ya mpangilio wa grafini yenyewe, na elektroni huanza kuitii ruwaza hiyo kubwa.

Mfano ulio wazi zaidi ulitolewa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliotumia tabaka mbili za tungsteni ditelaraidi, fuwele ya tungsteni na teluriamu, moja ikiwa imezungushwa juu ya nyingine kwa digrii 5 hivi. Muare wake hufanana na mifereji sambamba, na katika baridi kali ukinzani wa kukatiza mifereji ulifikia takriban mara 1000 ya ule wa kuifuata.

Kwa grafini jambo ni gumu zaidi, nami naliona ndilo lenye kuvutia. Ulinganifu wa muare wake wa pembetatu haupendelei upande wowote, hivyo anisotropia ikijitokeza, ama elektroni zenyewe zimechagua upande, ama tabaka zilinyooshwa kidogo wakati wa kubandikwa. Mpimaji makini hupitisha mkondo kwa jozi kadhaa za elektrodi zilizozunguka sampuli, kisha hubadilisha idadi ya elektroni, kwani mhimili wenye ukinzani mdogo ukihama wakati sampuli ni ileile, mnyoosho peke yake hautoshi kuwa sababu.