Gego la miaka 6 sio la utoto jamani

Jana pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, dada mmoja kaniambia gego la nyuma kabisa la mwanae wa miaka 7 limetoboka ila haina shida, la utoto hilo, litang'oka liote lingine. Hapana dada angu, hilo likitoka haliotagi tena!

Meno ya utoto yapo 20 tu, magego yakiwa 8, mawili kila upande juu na chini. Sasa mtoto akifika kama miaka 6 linaota gego jipya NYUMA ya hayo, halisukumi jino lolote, hakuna kilichong'oka, ndo maana wazazi wengi hatustuki, kumbe ndo la ukubwani, la kulia migebuka mpaka uzeeni.

Mwambie apanue mdomo, mulika na tochi ya simu, hesabu kuanzia jino la mbele katikati kwenda nyuma, la 6 ndo lenyewe. Utaona juu yake vilima na vimifereji, ugali unanasa humo na mswaki wa harakaharaka haufiki. Likianza kutoboka mpeleke likazibwe mapema, msisubiri ling'oke lenyewe.