Saini milioni moja na nyasi za kituo cha polisi

Asasi ndogo ikiitisha kikao cha kampeni ya mtandaoni, swali la kwanza huwa lilelile: nani atatufungulia ukurasa? Mengine yote huachiwa mazoea, na mazoea yamejaa dhana potofu.

Dhana: Bila picha ya mwathirika, watu hawaguswi.

Mwaka 2013 huko Busia, Kenya, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge la wanaume. Baadhi ya watuhumiwa walifikishwa polisi, wakaamriwa kufyeka nyasi za kituo, kisha wakaachiwa waende zao. Wanaharakati, wakiwemo wa FEMNET, muungano wa asasi za wanawake Afrika, wakaanzisha ombi kwenye Avaaz, jukwaa la mtandaoni la kukusanya saini. Waliotia saini walipita milioni moja, na msichana walimjua kwa jina la kubuni tu: Liz. Kilichowachoma ni zile nyasi. Kwa hiyo asasi inayobandika sura ya mtoto aliyeumizwa ili posti isambae inamwumiza mara ya pili, tena bila sababu. Tafuta nyasi zako.

Dhana: Saini zikishakuwa nyingi, wakubwa watashtuka wenyewe.

Hawashtuki. Ombi la Liz lilimlenga mkuu wa polisi, na tarehe 31 Oktoba 2013 waandamanaji walilipeleka kwa miguu hadi makao makuu ya polisi Nairobi. Hukumu ilitoka Aprili 2015, watatu wakafungwa miaka 15. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi hapo katikati, na ni hashtegi gani inayodumu hivyo bila watu wa kuifuatilia kesi.

Lamu ni hivyohivyo. Asasi ya Save Lamu na wenzao walipiga kelele sana mtandaoni kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, lakini leseni yake ilifutwa na Baraza la Rufaa la Mazingira, tarehe 26 Juni 2019. Miongoni mwa hoja zilizoibeba kesi: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hoja ya namna hiyo hushinda kwa barua, tarehe na kumbukumbu za mikutano. Mtandao ni mahali pazuri pa kuzikusanya, kama kuna aliyekumbuka kuzitunza.

Linganisha posti mbili. "Serikali itupatie maji!" Nani ajibu hapo? Na hii: "Meneja wa mamlaka ya maji, kioski chetu kimekauka tangu Jumatatu, ndoo sasa inauzwa mara tatu ya bei. Fundi anakuja lini?" Ya pili ina mtu wa kuulizwa kesho.

Dhana: Lazima watu wetu wawe na simu janja.

Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za wananchi, ilizaliwa Kenya Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi. Watu waliripoti kwa tovuti na kwa meseji za kawaida, taarifa zikawekwa kwenye ramani. Kitochi kinatosha, mradi upande wa pili kuna mtu anayesoma meseji na kuzihakiki.

Dhana: Ukurasa ni mali ya asasi.

Mara nyingi ni mali ya kijana wa kujitolea aliyeufungua kwa namba yake. Akipata ajira mjini, nywila nayo imepanda basi.