Yavuyavu wa Tanganyika: mwavuli ni nusu tu ya mnyama

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya wanyama wenye seli za kuchoma, darasa langu hapa Mbeya hupoa. Mmoja au wawili waliokulia Tanga au Kilwa hucheka, maana yavuyavu, yule mnyama laini kama ute anayeelea baharini, wanamjua kwa ngozi, wameshawashwa mapaja wakiogelea. Waliobaki, watoto wa Rungwe, Mbozi na Makete, huandika tu ili mtihani upite. Mwaka juzi mmoja akanyoosha mkono: "Madam, huyu si wa kwetu. Sisi bahari tunaiona kwenye kalenda."

Nikamwambia apande basi la Sumbawanga.

Sikuwa natania. Unatoka Mbeya asubuhi, unapita Tunduma, unalala Sumbawanga, kesho yake unateremka kupitia Matai mpaka Kasanga, kusini kabisa mwa Ziwa Tanganyika kwa upande wetu. Ni zaidi ya kilomita 400, na bado uko Nyanda za Juu Kusini. Huko, kwenye maji yasiyo na chumvi, maji ambayo watu wanachota na kusongea ugali, anaishi yavuyavu. Si jamaa wa mbali wala mnyama anayefanana naye. Ni yavuyavu kamili, ana mwavuli, ana minyiri, na anadunda majini kama moyo.

Jina lake la kitaalamu ni Limnocnida tanganjicae. Utakuta wengine wanaandika tanganyicae. Hiyo j ni urithi wa Kijerumani, kwa kuwa aliyemwona kwanza kati ya wanasayansi alikuwa Richard Böhm, Mjerumani, mwaka 1883. Böhm alifariki mwaka uliofuata, na maelezo ya kina yakaja kuandikwa na Mwingereza, Robert Günther, mwaka 1893. Wavuvi, bila shaka, walikuwa wakiwatoa kwenye nyavu zao siku zote hizo.

Umbile lake nitalipitia haraka. Upana wake ni sentimita 2 hivi. Amekaa kama sahani iliyopinduliwa, tena sahani bapa kuliko bakuli. Pembeni ana minyiri zaidi ya 200, myembamba kama nywele, yenye seli za kuchoma ambazo hazina nguvu ya kumsumbua mtu. Nimewashika mara nyingi na sijawahi kujikuna. Mdomo wake uko chini, katikati, na ni mpana kupita kawaida ya wenzake. Kwenye ukingo wa ndani wa mwavuli kuna kiwambo chembamba kinachobana maji yanapotoka ili msukumo uwe mkali. Kiwambo hicho ndicho kinachotuambia kwamba huyu si wa ukoo wa wale wakubwa wanaotupwa na mawimbi kule pwani. Yuko karibu zaidi na haidra, yule mdogo wa madimbwini ambaye kila aliyesoma baiolojia ya sekondari ameshamchora.

Chakula chake ni wanyama wadogo wanaoelea majini, hasa vijikamba ambavyo kwa macho utaviona kama vumbi linalorukaruka. Kazi kubwa ni kueleza hatua za maisha yake.

Nianzie Mafinga. Mvua za kwanza zikishanyesha, barabarani wanapanga uyoga kwenye ndoo na mabeseni. Unanunua, unapika, unasema umekula uyoga. Kumbe ulichokula ni sehemu iliyojitokeza tu kwa ajili ya kuzaa. Uyoga wenyewe umebaki ardhini, nyuzi nyeupe zilizosambaa chini ya majani makavu, na umekuwepo hapo kiangazi chote wewe ukipita juu yake. Kwa spishi nyingi za yavuyavu wa maji baridi, mwavuli ni kama huo uyoga wa kwenye ndoo. Mnyama wa kudumu yuko chini, amejishikiza kwenye jiwe au kwenye mmea. Tunamwita polipu. Hafiki milimita 2, hana minyiri, na ukimwona bila hadubini utadhani ni chembe ya tope.

Mwavuli dume humwaga mbegu majini, mwavuli jike mayai. Yai lililorutubishwa linakuwa lava, yaani mtoto mchanga mwenye vinyweleo, anaogelea kidogo, anatua, anageuka polipu. Kuanzia hapo mambo ya dume na jike yanakwisha kwa muda. Polipu anachipua. Anaweza kuchipua polipu mwenzake wakabaki wameshikana. Anaweza kutoa kipande kama kinyoo, kikajiburuta kando na kuwa polipu mwingine. Hali ikiruhusu, anachipua mwavuli mdogo unaoachia na kuelea zake. Aliyewahi kung'oa miche ya migomba Tukuyu hahitaji nimweleze zaidi: shina moja, watoto wengi, wote ni mama yuleyule.

Ndugu yake wa kutoka China, Craspedacusta sowerbii, anaonyesha vizuri jinsi polipu anavyoweza kutufanya wajinga. Mwaka 1880 miavuli yake ilijitokeza ghafla London, kwenye tangi la mayungiyungi makubwa ndani ya bustani ya Regent's Park. Hakuna aliyeileta kwa makusudi. Polipu walisafiri wamejibana kwenye mimea, na maji yalipokuwa ya vuguvugu vya kutosha wakatoa miavuli. Polipu wa spishi hiyo walipokuja kuonekana Marekani miaka michache baadaye walipewa jina lao peke yao, kama mnyama mwingine kabisa. Mtoto akaandikishwa ukoo tofauti na mzazi! Huyo ndugu ana hila nyingine pia: maji yakipoa mno, polipu anajikunja kuwa kidonge kigumu na kusubiri.

Sasa rudi Kasanga, maana hapa ndipo yavuyavu wetu anapoacha kufuata kanuni ya uyoga.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi. Kuanzia mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini, oksijeni imekwisha. Hivyo karibu sakafu yote ya ziwa ni mahali ambapo mnyama anayehitaji hewa hawezi kukaa. Polipu anabakiwa na utepe mwembamba kando ya ufukwe. Lakini miavuli utaikuta hata katikati ya ziwa, kilomita nyingi kutoka jiwe lolote lenye hewa. Inatoka wapi yote hiyo? Mwavuli ukizeeka katikati ya ziwa na mayai yake yakazama kwenye maji yasiyo na hewa, ukoo umeishia hapo.

Jibu lake liko kwenye mdomo. Geuza mwavuli wa Limnocnida, utazame ukuta wa ule mdomo mpana kwa hadubini. Mara nyingi utakuta vinundu. Vingine ni vidogo kama upele, vingine vimeshakuwa na umbo la kikombe, vimeota minyiri mifupi. Ni miavuli michanga inayochipua juu ya mwavuli mama. Ikikomaa inaachia. Günther aliliona hilo tangu mwanzo, na Mbelgiji Jean Bouillon akaja kuwachambua Limnocnida kwa undani, polipu pamoja na mwavuli, katika kazi aliyoitoa mwaka 1957. Mwavuli unazaa mwavuli. Hakuna yai, hakuna lava, hakuna safari ya kwenda ufukweni kutafuta jiwe.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko habari ya kwamba yuko maji baridi. Kwenye ziwa lenye sakafu ya sumu, mwavuli umejifunza kazi ya polipu. Bado polipu yupo, na bado dume na jike wapo, lakini kundi linaweza kujiongeza likiwa linaelea.

Upande wetu wa kusini kuna jambo la ziada. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, kusi linavuma likisukuma maji ya juu kwenda kaskazini. Nafasi yake inachukuliwa na maji ya chini, yenye baridi kidogo na rutuba nyingi. Mimea midogo ya kijani inayoelea inastawi, vijikamba vinaongezeka, na anayekula vijikamba anafaidi. Wavuvi hulichukia kusi kwa mawimbi yake, na wana haki, lakini ndilo linalorutubisha ziwa.

Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi kwenye ziwa hili walichapisha habari nyingine iliyonifurahisha: ndani ya miavuli walikuta bakteria wadogo wa kijani-buluu, wale wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Yaani mwindaji huyu anatembea na kabustani mwilini. Nadhani miaka ijayo hapo ndipo patakuwa na utafiti wa kusisimua zaidi.

Yavuyavu huyu aliwahi kumpotosha mtu mwenye akili nyingi. John Moore, Mwingereza, alikuja ziwani mara mbili miaka ya 1890, mara ya pili ikiishia 1900. Aliona miavuli. Aliona pia konokono wenye magamba mazito, yamechongeka kama ya baharini. Akajumlisha: Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale, ya enzi ya Jurasiki, kilichonaswa bara na viumbe vyake. Hoja tamu sana, na kwa kilichojulikana siku zile haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka 1903, wakati yeye anachapisha kitabu chake kuhusu jambo hilo, yavuyavu wa aina hiyohiyo wakaonekana Ziwa Victoria, ziwa ambalo halifiki mita 100 kwenda chini na halina dalili ya kuwa bahari. Wengine wa kundi hilo la Limnocnida wanaishi kwenye mito ya Zambezi na Niger. Ziwa Tanganyika limezaliwa na bonde la ufa, umri wake ni miaka milioni 9 hadi 12. Jurasiki ilishapita zamani mno. Na yale magamba mazito? Ni ngao. Ziwani kuna kaa wenye magando yanayovunja konokono, kwa hiyo konokono wakajenga kuta.

Moore alitazama mwavuli akafikiria bahari. Angemfikiria polipu, chembe inayoweza kusafiri na jani au mguu wa ndege, asingehitaji bahari nzima kumfikisha bara. Ila msimcheke sana. Huyu ndiye Moore ambaye mwaka 1905, pamoja na mwanasayansi mwenzake Farmer, alitupa neno meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu na mayai, lile linalowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tano.

Mimi mwenyewe nimeshakosea kijinga kuliko yeye. Juni moja nilibeba miavuli minane kutoka Kasanga kwenye dumu la lita tano, nikiwa na ndoto za tangi la maabara. Nilifika Mbeya usiku, nimechoka, nikaliacha dumu barazani. Mnajua Juni ya Mbeya. Maji ya juu ya Tanganyika ni nadra kushuka chini ya nyuzi 23. Barazani kwangu alfajiri ile hata mimi nilitoka na blanketi. Chini ya dumu nilikuta kitu kama ute wa bamia, basi.

Siku hizi nakwenda na wanafunzi kulekule. Tunabeba wavu wa matundu madogo, mabakuli meupe na hadubini ya kukunja. Safari iliyopita mzee mmoja mwenye mtumbwi alituchungulia, akasema, "Mwalimu, hayo maji yaliyoganda mnayatafutia nini?" Nikamwomba asogee.

"Karibu, mzee wangu. Tazama hapo katikati, penye mdomo."

Alifumba jicho moja, akainama muda mrefu. Mwavuli ulikuwa na vichipukizi vitatu, na kimoja kilikuwa karibu kuachia. Mama alikuwa ametulia, ila kile kidogo kilikuwa kimeanza kudunda peke yake.

"Huyu ana mimba," mzee akasema.

"Ndiyo," nikamjibu, "ila hajaolewa."

Akacheka mpaka hadubini ikatikisika, akamwita mwanawe aje naye atazame.