Viatu vya Ajabu na Miguu Yetu Kando ya Ziwa

Alfajiri katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, wakati maboti yanateremsha dagaa kutoka visiwani, kiatu kinachoonekana kwa wingi ni yeboyebo: kiatu chepesi cha plastiki, chenye pua pana kama mdomo wa kambare, matundu juu na mkanda wa kuzungusha nyuma ya kisigino. Saa chache baadaye, katikati ya jiji, kiatu hichohicho utakikuta mguuni mwa mwanafunzi wa chuo, kikiwa kimechomekwa mapambo ya rangi kwenye matundu yake na kuvaliwa na soksi nyeupe. Mchuuzi wa dagaa amekivaa kwa sababu sakafu imelowa na magamba ya samaki yanateleza, na mwanafunzi amekivaa kwa sababu wenzake wamekivaa.

Sisi tunaofanya kazi katika karakana ya viungo bandia na vifaa saidizi huulizwa mara kwa mara kama kiatu fulani chenye umbo la kushangaza ni kizuri au ni kibaya. Jibu letu huwaudhi baadhi ya waulizaji, kwa kuwa nasi huwauliza wao: kizuri kwa kazi gani, na juu ya ardhi ipi? Karibu kila kiatu kinachotuchekesha leo kilibuniwa ili kutatua shida ya mahali fulani, na mara nyingi kiliitatua vizuri. Balaa huanza pale kinapohamishwa na kupelekwa kwenye shida nyingine ambayo hakikutengenezwa kwa ajili yake, huku mvaaji akiamini kwamba ubora wake umesafiri nacho.

Watu wa pwani wanaufahamu mtalawanda, kiatu cha mti chenye kijiti cha kushikwa kwa vidole, ambacho kwa mtu asiyekizoea huonekana kama adhabu. Kinamwinua mtu juu ya sakafu ya bafu iliyolowa, hakiozi upesi, na husikika kabla mwenyewe hajaonekana. Kwa hatua chache kati ya chumba na bafu hakina kosa lolote. Huko Venice, Italia, kati ya karne ya 15 na ya 17, wanawake wa tabaka la juu walivaa viatu vya majukwaa ambavyo vingine vilikaribia urefu wa nusu mita, wakatembea wakiwa wameegemea mabega ya watumishi. Kuinuka juu ya tope ni shida ya kweli, lakini hakuna tope linalodai nusu mita, na hapo tunaona jinsi kiatu kinavyoacha kazi yake ya kwanza na kuanza kazi ya kutangaza hadhi.

Kisigino kirefu nacho kina historia ambayo wanawake wengi wa Mwanza hushangaa wanaposimuliwa. Hakikuanza kwa mwanamke wala kwa ukumbi wa harusi, bali kwa wanaume wapanda farasi wa Uajemi, ambao walikihitaji ili mguu usichomoke kwenye kikuku cha tandiko wanaposimama kurusha mshale. Wanaume wa Ulaya wakakiiga mwanzoni mwa karne ya 17, na mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akavaa visigino vyekundu ikuluni mwake. Farasi aliondoka kwenye hadithi, kisigino kikabaki.

Mfano unaotufundisha zaidi sisi wa taaluma hii ni ule wa viatu vya ncha ndefu vilivyoenea Ulaya katika karne ya 14, ambavyo ncha yake ilizidi vidole kiasi kwamba mwaka 1463 Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuia watu wasio na cheo kuvaa ncha inayopita inchi 2. Wataalamu waliochunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa mjini Cambridge, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, waliona kwamba kati ya waliozikwa katika karne ya 14 na ya 15, asilimia 27 walikuwa na kidole gumba kilichopinda kuelekea vidole vingine na kuacha kinundu pembeni, ilhali kati ya waliotangulia, wa karne ya 11 hadi ya 13, walikuwa asilimia 6 tu. Tena waliokuwa na kinundu hicho walionekana kuvunjika mifupa kwa kuanguka zaidi ya wenzao. Fasheni ilikuwa imeandikwa kwenye mfupa, na miaka mia kadhaa baadaye bado inasomeka. Vinundu hivyohivyo tunaviona katika karakana yetu kwa wanawake waliovaa viatu vya kuchongoka kazini kwa miaka mingi, ingawa ni haki kusema kwamba urithi wa familia nao una sehemu yake.

Turudi kwa yeboyebo. Kiatu cha asili kilichozaa mtindo huu, Crocs, kiliingizwa sokoni na kampuni ya Colorado, Marekani, mwaka 2002, kikiwa kiatu cha watu wa mashua: povu lake halinyonyi maji, matundu yake hutoa maji yaliyoingia, na soli yake haiachi alama kwenye sakafu ya chombo. Kwa maneno mengine, mchuuzi wa Mwaloni anakitumia kwa kazi iliyokizaa, na pengine ndiye mvaaji wake halali kuliko wote. Pua yake pana, ambayo wengi huiona kuwa ni ubaya wa sura, ndiyo sifa yake kubwa kitabibu, kwa sababu vidole vinapata nafasi ya kutanuka. Hata hivyo yeboyebo nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimeiga umbo bila kuiga povu. Ukiibonyeza soli kwa kidole gumba nayo isibonyee, basi umenunua plastiki ngumu yenye sura ya ulaini. Povu lenyewe halipendi joto, hivyo kiatu kilichoachwa juani juu ya bati hunywea, na mwenye nacho hudhani mguu wake umekua.

Kuna dhana moja ya hatari ambayo hatuna budi kuisahihisha, nayo ni kwamba kuvaa yeboyebo majini kunakinga kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono, huogelea na kupenya ngozi ndani ya dakika chache tu, na tundu linalotoa maji ni tundu linaloyaingiza. Kiatu hicho kinakukinga na kipande cha chupa, mfupa wa sangara na ndoana iliyotupwa. Kwa kichocho, kinachokinga ni gambuti lisilopitisha maji, nalo kwa sharti kwamba maji hayavuki ukingo wake wa juu. Aliyezoea kuingia ziwani kila siku anahitaji pia kumeza dawa kila zinapogawiwa.

Mkanda wa nyuma nao si pambo. Ukiusukuma mbele na kukivaa kiatu kama kandambili, vidole hulazimika kukikamata kwa kujikunja kila hatua, na jioni mtu hulalamika kwamba unyayo unawaka. Wanaopanda bodaboda wakiwa wamelegeza mkanda wameshaacha viatu vingi njiani kati ya Buzuruga na Igoma, na kiatu ndicho hasara ndogo katika safari ya namna hiyo.

Wazee waliokuwa vijana miaka ya 1970 hawana sababu ya kuwacheka wajukuu wanaovaa raba za soli nene, maana wao walivaa raizoni (viatu vya soli nene) na bugaluu (suruali pana kuanzia magotini), wakasimama juu ya soli iliyowaongezea urefu ambao Mungu hakuwapa. Soli nene imerudi, safari hii ikiwa ya povu na raba. Kwenye sakafu tambarare ya ofisi haina neno. Lakini Mwanza ni jiji la miamba, na mkazi wa Mabatini, Igogo au Isamilo anayeteremka asubuhi kwa ngazi za mawe anahitaji unyayo wake upate habari za ardhi mapema. Mguu mmoja una mifupa 26 na maungio zaidi ya 30, na sehemu kubwa ya kazi ya maungio hayo ni kujirekebisha jiwe linapoyumba. Kadiri soli inavyoinuka, ndivyo habari hiyo inavyochelewa, na ndivyo nguvu ndogo inavyotosha kukipindua kifundo cha mguu. Ushauri wetu kwa vijana wa milimani ni mwepesi: teremka na raba ya soli ya chini, ile nene ibebe kwenye mfuko.

Mchuchumio unahitaji tahadhari ya namna nyingine. Unapoinua kisigino, uzito husogea mbele kwenye vidole na kigimbi hukaa kimejikunja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya wanawake waliovaa visigino virefu kwa muda mrefu ulionyesha kwamba nyuzi za misuli ya vigimbi vyao zilikuwa fupi kwa takribani asilimia 13, na kano ya kisigino ilikuwa imekakamaa zaidi. Ndiyo maana dada aliyevaa mchuchumio wiki nzima huumia anapovaa ndala Jumamosi. Si ndala iliyomuumiza, ni kigimbi kilichosahau urefu wake. Kwa harusi moja hakuna daktari atakayekukataza.

Vipo pia viatu vya maonyesho, ambavyo havina swali lolote vinalojibu isipokuwa macho ya watu. Mbunifu wa mavazi wa Uingereza, Alexander McQueen, alionyesha mwaka 2009 viatu vya urefu wa takribani sentimita 30 vyenye umbo la kakakuona, na baadhi ya wanamitindo walikataa kuvipanda. Mwaka 2023 kikundi cha sanaa cha Marekani kiitwacho MSCHF kiliuza mabuti makubwa mekundu kama ya katuni, ambayo wavaaji walihitaji kuvutwa na wenzao ili kuyavua. Hivyo havitusumbui sana, kwa kuwa hakuna anayevivaa kwenda Soko Kuu.

Vinavyotusumbua ni vile vinavyouzwa kwa jina la afya. Mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, alileta kiatu chenye soli iliyopinda kama kitako cha mtumbwi, kikapewa jina la Wamasai kwa madai kwamba kinamrudishia mvaaji mwendo wao wa asili, ilhali Mmasai mwenyewe anatembea kwa katambuga bapa ya tairi. Kampuni nyingine zikafuata na soli zao za kunenepesha misuli na kupunguza tumbo, mpaka mamlaka za Marekani zilipoingilia kati: Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25 mwaka 2011, na Skechers milioni 40 mwaka 2012. Kiatu chenye vidole vitano cha Vibram, kinachouvika kila kidole mfuko wake, nacho kiliishia kwenye suluhu ya dola milioni 3.75 mwaka 2014, kwa sababu ya madai ya afya ambayo hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Jambo la kusikitisha ni kwamba ndani ya viatu hivyo vya vidole kulikuwa na wazo la kweli. Utafiti wa India wa mwaka 1992 juu ya watoto 2,300 ulikuta unyayo bapa, yaani usio na upinde, kwa asilimia 8.6 ya waliokuwa wakivaa viatu na asilimia 2.8 ya wasiovaa. Mtoto kucheza pekupeku ndani ya nyumba au kwenye uwanja uliofagiwa kunaujenga mguu wake. Tunachoogopa nje ni funza, misumari na minyoo.

Watu waliokua pekupeku huwa na miguu iliyotanuka mbele, lakini viatu vingi tunavyovaa vilikatwa kwa kalibu za watu wengine. Hapa ndipo soko la mitumba la Mlango Mmoja linapoingia. Namba za huko zinachanganya: namba moja ya Kiingereza ni theluthi ya inchi, yaani takribani milimita 8.5, na namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, hivyo kiatu cha kiume chenye 41 ya Ulaya kinakaribia 7 ya Uingereza na 8 ya Marekani. Zaidi ya hayo, hakuna kati ya namba hizo inayokueleza upana. Nenda sokoni jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kazi ya mchana. Simama juu ya karatasi nyumbani, uchore mguu wako mkubwa zaidi (miwili hailingani), uikate karatasi hiyo na uiingize ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, muuzaji asikuambie kwamba kitatanuka. Kisha kigeuze uone soli. Mtumba una kumbukumbu ya mguu wa mwenzako: kama kisigino kimelika upande mmoja, kiatu kitakusukuma utembee kama yeye, hata kikiwa kimepigwa brashi kikang'aa.

Fundi wa katambuga hafanyi hayo kwa karatasi. Humsimamisha mteja juu ya kipande cha tairi, akauchora mguu palepale, akakata na kupima mikanda juu ya ngozi yenyewe, na kwa hiyo kiatu kinachodharauliwa kuliko vyote mjini ni miongoni mwa vichache vinavyotengenezwa kwa kipimo cha mwenye kukivaa. Udhaifu wake ni uzito, ugumu, na nyaya za chuma zilizomo katika baadhi ya matairi, ambazo hutokeza tairi linapolika. Kwa mtu mzima wa afya, sugu itamkinga. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni mambo ni tofauti, kwa sababu mguu uliopoteza hisia haulalamiki, na lengelenge la mkanda linaweza kuwa kidonda kabla hajaliona. Apapase ndani ya kila kiatu kwa mkono kabla ya kukivaa, atazame nyayo zake kila usiku, na kama hataki kuziacha katambuga zake azilete kwanza karakana, tuchomoe nyaya, tubandike soli laini ya ndani na kuizungushia mikanda ngozi.