Nani aliyemfungulia mpiga picha mlango?

Jumamosi iliyopita shemeji yangu aliingia sebuleni na simu mkononi, hata viatu hajavua.

"Shemeji, hebu tazama hapa, halafu uniambie hawa hawajapangwa."

Alikuwa ananionyesha kile kikao cha kwanza cha Boulder, Colorado, Desemba 2022. Deion Sanders, kocha mpya wa timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, amesimama mbele ya vijana ambao wametoka kumaliza msimu kwa ushindi mmoja na vipigo kumi na moja. Anawaambia bila kuzunguka kwamba anakuja na mizigo yake mwenyewe, yaani wachezaji wake, tena ya Louis Vuitton, na kwamba nafasi kadhaa zimeshapata wenyewe. Anayetaka kuondoka, njia ni nyeupe. Vijana kimya kabisa.

"Mtu gani anaambiwa maneno hayo akanyamaza?" shemeji akasema. "Wameandikiwa hao. Maigizo matupu."

Ni mtu wa nne kuniambia hivyo mwaka huu. Nimekata video kwa miaka kumi na sita, nyingi zikiwa za michezo, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa dakika mbili huku chai inapoa. Nalijibu hapa kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Mhusika kwanza, haraka haraka. Mchezo ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Sanders alikuwa beki wa pembeni. Atlanta Falcons walimchukua mwaka 1989, akaja kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya mchezo huo, mbili mfululizo akiwa na timu mbili tofauti, San Francisco 49ers na Dallas Cowboys. Katikati ya hayo alicheza besiboli ya kulipwa, na hadi leo ni yeye peke yake aliyecheza Super Bowl na pia fainali ya besiboli, World Series. Mwaka 2020 akawa kocha wa Jackson State kule Mississippi, chuo cha kihistoria cha Weusi, kisha akahamia Colorado. Mfululizo wa makala wa *Coach Prime*, jina lake la utani, ulianza kuonekana Prime Video, jukwaa la video la Amazon, Desemba 29, 2022, ukiwa na msimu wake wa Jackson. Ukaendelea naye Colorado.

Sasa hilo la maigizo.

Kikosi cha chuo kina vijana zaidi ya mia. Huwezi kuwaigizisha vijana mia. Nimejaribu kuwaomba kumi na moja tu wapite mbele ya kamera kana kwamba haipo: watatu walicheka, mmoja alipunga mkono, wawili walitembea kama wanajeshi kwenye gwaride. Watu hawaisahau kamera kwa kuambiwa waisahau. Wanaisahau kwa kuichoka. Mpiga picha anakaa wiki tatu, anakula nao, anasimama pembe ileile kila asubuhi mpaka anakuwa kama feni ya ukutani. Ukimya ule ambao shemeji anaushangaa ndio ukimya wa kweli wa kijana wa miaka kumi na tisa anayeambiwa na mtu mzima kwamba nafasi yake imekwenda. Mwigizaji angefanya kitu. Angemeza mate, angemtazama jirani. Asiyeigiza huganda.

Isitoshe, video ile hata wapiga picha wa televisheni si wao walioirusha. Ilitoka kwenye chaneli ya mwanawe mkubwa wa kiume, Deion Sanders Jr., anayemfuata baba yake na kamera kila siku. Shikilieni jambo hilo, nitalirudia.

Na nikiri hapa, maana wenzangu wa kazi hii hawapendi kulisema: vitu vidogo tunaviomba. "Kocha, rudi kidogo, uingie tena mlangoni." Nimeshasema hivyo mara nyingi sana. Ukimwona mtu anaingia ofisini kwake alfajiri na kamera tayari iko ndani inamsubiri, jiulize nani aliwasha taa. Mimi mstari nimeuchora hapa: mlango naomba, maneno siombi. Lakini kuna siku niliomba mtu arudie kupiga simu kwa sababu mara ya kwanza maiki ilikuwa imezimwa, naye akayasema yaleyale kwa mwanawe yuleyule, na sauti yake ilikuwa tofauti. Niliitumia. Sijui kama nilifanya vizuri, na kila nikiikumbuka naona mstari wangu haukunyooka kama ninavyopenda kudai.

Kwa hiyo hawaigizi. Tatizo langu na neno hilo ni kwamba linawafanya watu watafute uongo pale usipokuwepo, halafu wanapita bila kusimama pale ambapo kazi yenyewe inafanyika. Kazi inafanyika mezani kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikata makala fupi ya timu ya soka ya chuo kimoja. Wamefungwa nyumbani, kocha anaongea chumba cha kubadilishia nguo. Aliongea kama dakika ishirini na tano, mimi nikahitaji sekunde arobaini. Palikuwa na sentensi moja kali mno, inayosema kuna mtu ndani ya chumba hiki anacheza kwa ajili ya posho. Nilihitaji uso wa kuweka baada ya sentensi ile. Nikapekua picha mbichi, nikamkuta kiungo wetu mmoja ameinamisha kichwa taratibu, mabega yameshuka, macho chini. Sekunde mbili na nusu. Nikaichomeka pale. Prodyuza alipoiona alipiga meza kwa furaha.

Wiki moja baada ya kurushwa yule kijana akanipigia.

"Kaka, shikamoo. Ile sehemu nimeinama, mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu."

Nikarudi kwenye picha mbichi. Kweli. Mikono yake ilikuwa nje ya fremu. Tena ilikuwa dakika nne kabla ya kocha kuisema sentensi ile. Nyumbani kwao mama yake alimuuliza kama ni kweli anacheza kwa ajili ya posho. Mtaani wakampa jina.

Hakuna aliyeigiza. Kocha aliyasema yale. Kijana aliinama. Picha zote mbili ni halali, na nilipoziweka pamoja zikasema jambo ambalo halikutokea. Shemeji anaweza kuitazama fremu moja moja usiku kucha asione dosari, kwa sababu dosari haiko ndani ya picha, iko kwenye kiungio. Ndiyo maana ule usemi mwingine, kwamba kamera haidanganyi, unaniudhi sawasawa na huu wa maigizo. Kamera haijui lolote. Anayejua ni aliyekaa na saa mia za picha akachagua saa nne.

Fuatilieni nyuso. Kila kocha anaposema neno zito kwenye makala yoyote ya michezo, utaletewa uso. Uliza: je, nimemwona kijana huyu na kocha huyu ndani ya fremu moja, kwa mwanga uleule? Kama kamera iligeuka kutoka kwa kocha hadi kwa kijana bila kukatwa, amini. Kama imekatwa, amini nusu. Sisemi waliotengeneza *Coach Prime* wamefanya nilichofanya mimi. Sikuwa mezani kwao. Nasema hapo ndipo pa kutazama.

Na sauti. Sauti inapita chini ya picha bila kuonekana: maneno ya kocha yanaendelea huku tunaona uwanja mtupu, mvua, kijana anapanda basi. Unadhani ni sentensi moja. Inaweza kuwa tatu, za siku mbili tofauti. Haya ni ya kila siku, nayapita.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kalenda. Hebu fikiria uko kwenye chumba cha kukatia, msimu wa Jackson State wa 2022. Umekuwa ukikata tangu Agosti. Hadithi uliyonayo mkononi ni ya nyota mkubwa aliyeamua kwenda kwenye chuo cha Weusi, ambako macho ya televisheni yalikuwa hayafiki, na akamvuta hata Travis Hunter, kijana aliyekuwa anagombewa na vyuo vikubwa vya nchi nzima. Timu haijafungwa. Desemba 3 wanawapiga chuo cha Southern 43-24 na kutwaa ubingwa wa ligi yao. Usiku uleule anawaambia wachezaji anaondoka, anakwenda Colorado. Desemba 17 wanafungwa 41-34 katika muda wa nyongeza kwenye Celebration Bowl, mchezo wa mabingwa wa ligi mbili za vyuo vya Weusi, kwa mwaka wa pili mfululizo wanaikosa. Na Desemba 29 makala inatakiwa iwe hewani. Siku kumi na mbili.

Hukubadilisha fremu hata moja ya Agosti, lakini zote zimebadilika. Kila alipowaambia vijana wa Jackson kuhusu uaminifu, sasa mtazamaji anasikia kwaheri. Utazikata upya ili zimlaumu? Utazilainisha ili zimtetee? Ukiziacha zilivyo nalo ni chaguo, na watu watalisoma. Kuna wanaoona alikitumia chuo kile kama ngazi, na kuna wanaoona alikipa miaka mitatu ambayo hakuna nyota wa kiwango chake aliyewahi kukipa. Mhariri hana mahali pa kusimama katikati ya hawa wawili. Kila sekunde anayoongeza kwenye nyuso za waliobaki ni hukumu, na kila anayopunguza vilevile.

Colorado mwaka 2023 ilikuwa kinyume chake. Mchezo wa kwanza waliwafunga chuo cha TCU cha Texas 45-42, timu iliyotoka kucheza fainali ya taifa. Wakashinda mitatu ya mwanzo, kisha katika tisa iliyofuata wakashinda mmoja tu. Anayekata kipande cha TCU anajua mwisho wake. Ukiweka muziki wa ushindi mtupu, unamficha mtazamaji unachokijua. Ukiweka kivuli, unawanyima vijana wale siku ambayo kweli walifurahi bila kivuli. Mimi ningeacha furaha iwe furaha. Lakini najua wahariri ninaowaheshimu ambao wangeniambia huo ni woga.

Sasa nirudi kwa yule mtoto na kamera yake.

Mwaka 2021 Sanders aliganda damu mguuni baada ya upasuaji na akakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alirudi kufundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na aliruhusu kamera imulike mguu ule. Mtu haigizi hilo. Mwaka 2025 alipata saratani ya kibofu, akakaa kimya wiki nyingi, watu wakikisia. Julai akatangaza mwenyewe, daktari wake akiwa pembeni yake anasema amepona. Na picha za kipindi kile cha ugonjwa zilikuwa zimeshapigwa, na mwanawe. Zilitoka siku alipotaka zitoke.

Mnaona? Mara zote mbili picha ni za kweli, za uchungu wa kweli. Na mara zote mbili ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake. Hata kampuni ya SMAC, iliyo nyuma ya mfululizo wa Prime Video, ndiyo inayosimamia shughuli zake za kibiashara. Simlaumu kwa hilo. Mtu aliyeandikwa na kusemwa na wengine tangu akiwa na miaka ishirini ana haki ya kutaka kusimulia mwenyewe. Lakini mwenye nyumba akikukaribisha hukagui chumba ambacho hakukufungulia.

Wako wapi wale waliokuwa kwenye kikao cha Boulder? Wachezaji zaidi ya hamsini waliondoka Colorado miezi iliyofuata. Sheria mpya za uhamisho ziliruhusu, vyuo vingine vikafuata njia hiyohiyo, na wengine wao huenda walipata palipo bora. Ila maiki huvaa anayebaki. Aliyeondoka anabaki kuwa kisogo kwenye safu ya nyuma, fremu arobaini, kisha hayupo. Si kwamba kuna mtu alikaa akapanga kumfuta. Wapiga picha wanafuata timu, na yeye si timu tena. Bajeti haina nauli ya kumfuata.

Na fomu ya ridhaa! Nimesainisha vijana wa miaka kumi na minane fomu za kurasa tatu huku kocha wao amesimama mlangoni anaangalia saa. Wote husaini. Kijana anayetaka kucheza Jumamosi atakataaje Alhamisi? Kisheria niko salama. Siku hizi naomba kocha atoke, nawasomea kwa Kiswahili cha kawaida, nawaachia siku mbili. Bado wote husaini, na bado sijui kama nimewauliza au nimewaarifu.

Yule kiungo wa kamba za viatu nilimtoa kwenye nakala ya pili. Ile sehemu ikapwaya. Prodyuza aliniuliza mara tatu ule uso uko wapi.

Shemeji nilimweleza haya yote, kwa ufupi zaidi, chai ikapoa kama kawaida. Akachukua simu, akarudisha video ya Boulder mwanzo, safari hii akaiweka bila sauti. Aliitazama mpaka mwisho. Halafu akaisimamisha, akapanua picha kwa vidole viwili, akaweka kidole juu ya kijana mmoja wa nyuma kabisa, mwenye kofia ya sweta.

"Huyu alienda chuo gani?"