Platinamu haiokotwi kwa macho, inapandishwa na povu

Siku hizi watu wanapishana ofisini kwetu hapa Arusha na mawe kwenye viroba wakiulizia platinamu, na chanzo nakijua, ni masega. Wenye magari wameshasikia kwamba kwenye masega ya ekzosi, kile kisafisha moshi, kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, metali za bei kubwa, basi mtu anajiuliza, kama iko kwenye gari si lazima ilitoka kwenye jiwe kwanza? Yuko sahihi kabisa. Shida ni jiwe analolileta. Juzi kijana wa Longido kanifungulia gazeti mezani, ndani jiwe zito linametameta njano, "shikamoo mtaalam, hii si ndo yenyewe?" Nikalikwaruza kwenye kigae cheupe likaacha mstari mweusi wenye ukijani. Pairaiti. Ni chuma na salfa tu, na niliumia maana alikuwa ametumia nauli yake.

Sasa sikieni ndugu zangu. Platinamu nyingi ya dunia inatoka Afrika Kusini, kwenye miamba ya Bushveld, ambako tabaka moja maarufu linaitwa kwa jina la Hans Merensky aliyelifuatilia mwaka 1924. Tani moja ya mbale, yaani mawe yenye madini, ya kule ina kama gramu 3 mpaka 6, na hapo umejumlisha platinamu na ndugu zake. Tani nzima unavunja, unasaga, na ulichokifuata ukikikusanya ni kama punje ya harage. Tena hiyo harage haijakaa pamoja, imetawanyika vipunje vidogo mno, vingi havifiki hata maikroni 20, wakati unywele wako una kama maikroni 70, kwahiyo hakuna karai la kuvikamata, utavimwaga na maji. Na zebaki mliyoizoea kwenye dhahabu haikusaidii kitu, maana sehemu kubwa haiko kama metali tupu, imeungana na salfa au aseniki au teluriamu na imejibanza kwenye madini ya nikeli na shaba. Mtu akikwambia anatoa platinamu kwa karasha na zebaki, usimpe hela yako.

Inayotumika ni povu. Waliofanya kazi Mirerani wataelewa haraka, kwa sababu ya kinywe, lile vumbi jeusi linalowapaka wachimbaji mpaka kope. Mtu akitoka shimoni akinawa kwenye beseni, lile vumbi linatanda juu ya maji kama utando unaong'aa, ukilikoroga nalo linarudi juu. Wengi wanadhani ni jepesi. Hapana, kinywe ni kizito zaidi ya mara mbili ya maji, ila hakitaki kulowa, kinapenda hewa kuliko maji. Mchanga wenyewe unalowa, unazama, basi.

Madini ya platinamu hayakatai maji kwa kiwango hicho, inabidi uyasaidie. Mbale inasagwa kwenye kinu mpaka sehemu kubwa iko chini ya maikroni 75, inachanganywa na maji inakuwa kama uji, unatia dawa inayoitwa zantheti, kidogo tu, makumi ya gramu mpaka mia na kitu kwa tani. Upande mmoja wa dawa unanasa kwenye punje yenye salfa, upande mwingine una mkia wa asili ya mafuta, kwahiyo punje inakuwa kama imevaa koti la mafuta na maji hayaishiki tena. Alafu unatia dawa ya povu ili mapovu yawe madogo na yasipasuke njiani, chini ya tenki kuna panga linazunguka na hewa inaingizwa, mapovu yanapanda na punje zenye koti zimening'inia. Juu unaona povu la kijivu kilichoiva, zito, linang'aa, linafurika taratibu kwenye mfereji. Likianza kupauka fundi mzoefu anajua dawa imepungua au mbale imebadilika kabla hata maabara haijamletea majibu. Hicho kinachofurika ndo makinikia. Ndiyo, neno lilelile la mwaka 2017, la yale makontena yaliyozuiwa bandarini, na yale ya dhahabu na shaba yalitoka kwenye mapovu ya namna hiihii.

Chukua hesabu ya mfano. Tani ina gramu 4, ukikamata asilimia 85 una gramu 3.4, na kama zimeingia kwenye kilo 20 za makinikia, basi umetoka gramu 4 kwa tani ukafika gramu 170 kwa tani. Hiyo ndo inaenda kwenye tanuru.

Ila kazi kubwa hasa ni kuzuia visivyotakiwa. Talki, ile ya poda ya mtoto, inaelea yenyewe bila dawa na inajaza povu takataka, kwahiyo unatia gundi ya mbegu za guwa ili ilowe ibaki chini. Kuna tabaka lingine la Bushveld linaitwa UG2, limejaa kromaiti, madini meusi ya kromu na chuma. Hii haishiki povu, lakini ikisagwa laini sana inabebwa na maji yaliyo katikati ya mapovu, ikifika kwenye tanuru haiyeyuki vizuri inaganda chini. Ndo maana wanasaga kidogo, wanaelesha, alafu mabaki wanayasaga tena na kuelesha mara ya pili. Marudio, yaani mabaki ya mwisho yanayotupwa, yanabaki na kiasi kilichofungiwa ndani ya jiwe au kilicho kidogo mno hata povu linakipita.

Na zantheti sio ya kuweka stoo ya nyumbani, ikipata unyevu inatoa mvuke wenye sumu unaowaka moto.

Kwahiyo ukija kwetu, usichague jiwe linalong'aa. Leta kilo tano za mawe meusi mazito ya kawaida, yatoke sehemu tofauti za eneo lako, kila mfuko uandike ulipookota.