Beji Siyo Cheti cha Kuzaliwa: Dhana Potofu Kuhusu Dramu za Zamani za Bei Nafuu

Picha inayotumwa ni ile ile kila mara: beji ya dramu peke yake, imepigwa kwa karibu, na chini yake swali, "Hii ni ya mwaka gani na inafaa shilingi ngapi?" Hakuna picha ya ndani ya pipa, hakuna idadi ya lagi (vishikio vya chuma ubavuni mwa pipa vinavyopokea bolti za kukaza ngozi), hakuna vipimo. Kwa picha hiyo hakuna mtu anayeweza kutoa jibu la kweli. Lakini watu wananunua kwa picha hiyo hiyo, na kwaya inachangishana miezi mitatu kupata seti ambayo wiki ya pili bolti zake hazishiki.

"Jina la kwenye beji ndilo la kiwanda, na ndilo linalopanga bei"

Hili ndilo linalogharimu watu zaidi, kwa hiyo tulimalize kabisa.

Februari 1964 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alionekana kwenye televisheni ya Marekani, na vijana wa huko wakaanza kutaka dramu kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Waagizaji wakageukia Japani. Viwanda vya Japani, Pearl kikiwemo, vilitoa seti za bei ya chini, na mwagizaji au duka lilibandika jina lililopenda: Apollo, Majestic, Whitehall, Norma, Stewart, Zim-Gar. Seti mbili zenye beji tofauti zinaweza kuwa zimetoka kwenye mstari mmoja wa kazi. Na beji moja inaweza kukaa kwenye seti mbili zilizotoka viwanda viwili, kwa sababu mwagizaji alibadilisha kiwanda na jina likabaki. Ukitafuta "thamani ya Majestic" unatafuta thamani ya kibandiko.

Halafu kuna beji zilizohamishwa. Beji nyingi za zamani zimeshikwa na kikuku kidogo cha chuma kinachopita kwenye tundu la kupumulia. Angalia kikuku hicho kwa ndani. Kama kimepasuka ovyo, kina mikwaruzo ya koleo au kinacheza kwa kidole, kimewahi kutolewa. Angalia pia gamba, yaani plastiki ya rangi inayofunika pipa kwa nje, pale linapozunguka beji: miaka mingi ya mwanga huacha kivuli chenye umbo la beji ya kwanza. Beji ya duara iliyokaa juu ya kivuli cha mraba inajieleza yenyewe.

Kwa hiyo unatambuaje? Toa ngozi. Beba ufunguo wako wa dramu, tochi, futi na kipande cha sumaku kutoka spika mbovu. Muuzaji asiyekubali ngozi moja ifunguliwe mbele yako, mwachie dramu yake.

Ndani ya pipa anza na mbao. Seti za Kijapani za bei nafuu za miaka ya 1960 kwa kawaida ni plaiwudi nyembamba ya luani, mbao laini ya rangi ya kahawia nyekundu yenye vitundu virefu vinavyoonekana kama vistari vya kalamu, na juu na chini kuna pete ya mbao ya kuimarisha. Kisha tafuta kiungo cha pipa, mahali mbao ilipokutana. Kwenye nyingi ya seti hizi gamba la nje halikuishia nje: limeingizwa ndani ya kiungo hicho na kubanwa pamoja na mbao. Ukiona ukingo wa plastiki unachungulia kwenye kiungo kwa ndani, umeshika seti ya Kijapani ya bei nafuu, hata kama beji inataja jina kubwa la Marekani. Ludwig, chapa kubwa ya Marekani, ya miaka hiyo ina pete za kuimarisha pia, ila hadi karibu mwaka 1968 ndani imepakwa rangi: kwanza nyeupe, baadaye ya madoadoa ya kijivu.

Hesabu lagi. Snea (dramu fupi yenye nyaya chini ya ngozi) ya inchi 14 ya daraja la juu kwa kawaida ina 10, ya mwanafunzi ina 8, na za chini zaidi zina 6. Lagi za Kijapani zilinakili sura ya lagi za Kimarekani, lakini nyingi ni za zinki laini, na hupasuka pale bolti inapoingilia. Pitisha ukucha kuzunguka mdomo wa kila moja. Kama imepasuka, usidhani utanunua nyingine dukani Kariakoo na kuifunga jioni hiyo hiyo: umbali kati ya matundu mawili ya lagi hizi mara nyingi haulingani na wa lagi za sasa. Pima kwa milimita, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kabla ya kuagiza chochote. Ukitoboa pipa upya, umeharibu kile kidogo kilichokuwa na thamani.

Bolti nazo zijaribu kwa vidole, siyo kwa ufunguo. Uzi wa bolti haufanani kwa viwanda vyote. Bolti ngeni huingia mizunguko miwili kisha inakuwa ngumu, na hapo fundi asiye na subira huilazimisha na kuua uzi wa lagi.

Jambo la mwisho kwenye dhana hii, na ni rahisi kuliko yote: linganisha jina na mwaka unaotajiwa. Jina la Tama lilianza kutumika 1974. Kabla yake kampuni hiyo hiyo, Hoshino, iliuza dramu kwa jina la Star. Yamaha walianza dramu 1967. Pearl Export ilitoka 1982. Anayekuuzia "Tama ya mwaka sitini na nane" au "Export ya sabini na tano" hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

"Namba ya beji inatoa mwaka kamili"

Kwenye Ludwig namba zilianza kuwekwa mwishoni mwa 1963 au mwanzoni mwa 1964, lakini beji zilichukuliwa kutoka kwenye boksi bila kufuata mpangilio. Namba inakupa kipindi tu. Muhuri wa tarehe ndani ya pipa, kama upo, ni ushahidi bora zaidi. Seti za Kijapani za bei nafuu mara nyingi hazina namba kabisa, na kukosa namba siyo dalili ya feki.

"Ya mwanafunzi haina thamani"

Ludwig Acrolite ilitengenezwa kwa wanafunzi: snea ya alumini, inchi 5 kwa 14, lagi 8. Leo inatafutwa na studio. Hapa ndipo sumaku inapofanya kazi. Iguse kwenye pipa, siyo kwenye pete ya juu, maana pete kwa kawaida ni ya chuma. Ikinata, pipa ni chuma cha kawaida chenye kromu. Isiponata, kwa kawaida ni alumini au aina ya shaba, na uzito utakuonyesha ni ipi: alumini ni nyepesi mkononi. Snea chafu isiyonata sumaku usiipite bila kuisoma vizuri.

"Mbao ikizeeka sauti inakuwa tamu"

Mbao iliyokaa miaka 50 vibaya ni mbao mbovu. Kwa hewa ya Dar, gundi ya plaiwudi huachia na tabaka hufunguka kama karanga. Simamisha pipa bila ngozi, ukingo chini, juu ya kioo kinene cha meza, zima taa, weka tochi ndani. Mwanga ukipenya pembeni, ukingo hauko sawa au pipa limepinda. Kisha pima kipenyo sehemu nne. Tofauti ya milimita moja au mbili inavumilika. Ikizidi tatu, ngozi haitakaa vizuri na dramu haitatuni hata ukeshe nayo. Tabaka lililoachia hupona kwa gundi ya mbao iliyosukumwa ndani kwa kisu chembamba na kubanwa kwa klampu usiku mzima. Pipa lililopinda halina dawa ya bei nafuu.

Ukipima, kumbuka kwamba ngozi ya inchi 14 inataka pipa lililo chini kidogo ya sentimita 35.56. Premier za Uingereza, pamoja na chapa yao ya bei nafuu ya Olympic, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na vipimo vyao vikubwa kidogo. Ngozi ya kawaida haiingii, na ngozi zake ni za kuagiza maalumu. Hilo peke yake lishushe bei.

"Nikiipaka rangi mpya itapanda bei"

Inashuka. Na kwa zile ambazo gamba limeingia kwenye kiungo, ukilivua unafungua kiungo chenyewe na pipa linalegea. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, basi. Kutu nyepesi juu ya kromu, ambayo pwani yetu haikosi, hutoka kwa foili ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa. Msasa na sufi ya chuma viweke mbali.

"Nimeiona mtandaoni inauzwa bei kubwa"

Umeona bei iliyoombwa. Tazama zilizouzwa tayari, kisha uondoe kila kinachokosekana. Seti ya vipande vinne inataka ngozi 8. Besi dramu ya lagi 8 inataka bolti 16 na vikucha 16 vya kushika pete zake. Ongeza pedali, stendi na kiti. Hesabu hiyo ikishajumlishwa na bei ya muuzaji, jumla isizidi seti mpya ya kujifunzia iliyopo Kariakoo, isipokuwa umekwisha thibitisha kwa macho kwamba ndani kuna kitu cha pekee. Na hadithi kwamba "ilipigwa na bendi kubwa enzi hizo" bila picha yenye alama ile ile ya kukwaruzika, iwekee shilingi sifuri.

Matoazi yapigie hesabu peke yake, kabla ya dramu. Yaliyokuja na seti nyingi za Kijapani ni bati la shaba ya njano, mlio mfupi kama sufuria. Lakini seti husafiri, na mpigaji wa zamani huacha lake humo. Shika toazi kwa kidole kwenye tundu, ligeuze dhidi ya mwanga, tafuta muhuri wa Zildjian, Paiste au Super Zyn uliokandamizwa ndani ya chuma. Wino hufutika, hasa mtu akishasugua kwa Brasso, muhuri hubaki. Tazama tundu kama limeliwa upande mmoja, na pitisha ukucha ukingoni kutafuta ufa. Likiwa zima, toazi hilo moja linaweza kuzidi bei ya dramu zote nne, na muuzaji mara nyingi amelitupa chini ya besi dramu pamoja na nyaya.